Matope ya Baiskeli ya Nestory

Jamani, hii hamtaiamini, nimeisikia mwenyewe kwenye Hiace ya kutoka Mpui. Kijana mmoja kamwambia mama aliyekaa mbele yangu, "Mama, baiskeli yako nimeifuta matope kabla hawajaipandisha juu ya gari. Inang'aa kama ya bwana harusi!"

Mama kamgeukia. "Yale yalikuwa matope ya mwanangu Nestory. Kila jioni alikuwa anaendesha kule milimani, hakuna gari, anapiga mluzi tu. Tumemzika, sijaifuta. Nilikuwa nampelekea mdogo wake kule Chanji ikiwa vilevile."

"Nisamehe mama, nilijua nasaidia."

"Nani alikutuma, baba?"

Hiace ikasimama stendi. Mimi napiga picha kila kitu, na simuni ninayo ile baiskeli, niliipiga kabla kijana hajaifuta, matope yote yapo. Ungekuwa wewe, ungemwonyesha yule mama?