Dkt. Tusajigwe na Matope ya Kimbiji

Marehemu Dkt. Tusajigwe Mwasomola alifika Kimbiji Julai 2008 akitafuta boti ya kumpeleka kuchota matope chini ya bahari. Mwenye boti, Gaspar Kimario, ambaye baadaye angekuwa shemeji yake, aliona punje za rangi ya dhahabu kwenye kopo la binti huyo, akalegeza sauti.

"Boti chukua, sista. Ila kitakachong'aa, nusu kwa nusu."

"Nataka sehemu mbili. Ghubani palipotulia, na kule mawimbi yanakovuruga."

"Si tope tu lote hilo?"

"Ndicho ninachotaka kujua, kaka."

Wakapeana mikono. Hakumwambia kwamba zile punje ni pairaiti, yaani chuma na salfa. Hakuulizwa.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 Tukuyu, mtoto wa tatu wa walimu, Mzee Asegelile na Mama Felicitas. Alisoma Tukuyu na Iringa, akahitimu jiolojia Dar es Salaam mwaka 2003.

Safari ile ya boti ilibeba shahada yake ya uzamivu. Msimamizi wake alishikilia kwamba salfa ya kwenye punje hizo husimulia historia ya bahari nzima; marehemu alisema husimulia kwanza tope zilimoumbika. Sampuli mbili zikilingana, angeanza upya. Hazikulingana. Salfa ina aina nyepesi na nzito, na vijidudu vya topeni vinavyozalisha punje hupendelea nyepesi. Tope likizibwa na mchanga unaolundikana haraka, nyepesi hupungua, punje zikabeba nzito. Palipo wazi kwa mawimbi, maji huleta nyepesi nyingine. Bahari moja, majibu mawili. Alitunukiwa Novemba 2010, akafundisha chuoni hadi ugonjwa ulipomzuia.

Gaspar naye alipeleka nusu yake kwa sonara wa Kariakoo, Bwana Juzer. Punje chache zilipochomwa, duka zima likanuka kiberiti. "Bwana Gaspar, hii kawashie jiko." Akamrudia marehemu akiwa mbogo.

"Tulipatana kinachong'aa," marehemu akasema. "Kwani hakikung'aa?"

Siku hiyo Gaspar alimwambia mdogo wake Benson, nahodha wa boti: "Huyo mwanamke usimwache apite." Posa akaipeleka Tukuyu mwenyewe, na huko nako akabanwa kwenye mahari. Ndoa ilifungwa Tegeta, tarehe 17 Septemba 2011.

Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alisahihisha kazi za wanafunzi akiwa kitandani. Wiki ya mwisho alimwita Gaspar.

"Shemeji, nusu yangu ipo kabatini. Chukua."

"Niifanyie nini?"

"Inang'aa bado."

Alifariki nyumbani Tegeta, alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha mume, Benson; watoto wawili, Clara na Didas; na mama yake mzazi, Mama Felicitas.

Katika mapatano yale, marehemu alipata sehemu zake mbili na jibu lake. Gaspar alipata nusu isiyouzika, na shemeji. Leo ana nusu zote mbili, na shemeji hana.

Bwana amlaze palipotulia.