Nilipomwona Yona Mmoja Tena

Wapendwa, Bwana atukuzwe. Mimi ni Mama Neema, muuza mahindi wa Kibaigwa, mnanijua kwa sauti. Leo nitasema taratibu, maana mengine niliyaona kama niko ndotoni.

Kwa muda mrefu paji la uso liliniuma, upande wa kushoto. Nikasema ni vumbi la sokoni. Nikajifukiza, nikameza dawa, nikaendelea kupepeta mahindi. Kisha ukatokea uvimbe juu ya nyusi, jicho likasukumwa chini, na dunia ikawa mbili. Ndugu zangu, lori moja liliingia sokoni nikaona mawili. Jua lilizama mara mbili, pole pole, kila moja na wekundu wake. Mume wangu Yona nikamwona wawili, na mnajua mmoja tu ananitosha. Watu walicheka, nami nikacheka nao, ila moyoni niliogopa upofu.

Daktari wa Dodoma mjini, dada mpole, alituambia mimi na Yona kuwa kuna uwazi ndani ya mfupa wa paji, umejaa makamasi na usaha, na mfupa unaliwa. Kupitia puani hafiki, mpaka afungue. "Tukichelewa, mama, jicho litapotea."

Nikakataa. Paji hili mchungaji alilichora msalaba siku ya ubatizo wangu. Nitalitoaje likatwe kisu?

Daktari hakunicheka. Akapitisha kidole katikati ya nywele zangu, toka sikio hadi sikio. "Nitakata huku, mama. Nitashusha ngozi, niinue mfupa kama kifuniko, nisafishe, niurudishe. Hapo penye msalaba wako kisu hakipiti."

Yona akaanza kulia, nami nikakubali.

Waliponichoma sindano ya usingizi nikajiona natembea kwenye shamba la uwele. Upepo ulikuwa unavuma bila vumbi. Mtu alinishika mkono, uso wake sikuuona, wala sikuogopa.

Nilizinduka kichwa kimefungwa bandeji, jicho limevimba. Uvimbe ukashuka kidogo kidogo, hata asubuhi moja jicho likafunguka. Kando ya kitanda mtu alikuwa anamenya chungwa. Nikamtazama sana. Nikaita, "Yona." Akageuka.

Alikuwa mmoja.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyeongoza mikono ya yule dada. Mwenye kuumwa paji na kusingizia vumbi, mtumaini Yeye, uje kwangu baada ya ibada. Tutaomba, kisha nitakupeleka hospitali mwenyewe. Ukiogopa kisu nitakuonyesha kovu langu, ila itabidi unifumue nywele kwanza.