Yeremia Msengi, Aliyeipindua Ndege Juu ya Mandewa

Leo Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1960, tumekusanyika hapa Kinampanda kumzika Yeremia Msengi Gunda, mahali palepale alipozaliwa. Wasifu huu umeandikwa na kaka yake, Alute, na ndugu wa karibu wamesomewa na kuukubali. Mzee mmoja wa usharika alishauri mambo mawili yaondolewe ili pasiwe na maneno baadaye. Hayakuondolewa.

Marehemu alizaliwa mwaka 1913, mtama ukivunwa, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Msengi Gunda na Mama Marietha. Tarehe 4 Mei iliyo kwenye cheti cha ubatizo aliichagua mchungaji mwaka 1927, kwa kuwa fomu ilitaka tarehe. Siku yenyewe mama yake aliijua, lakini hakuulizwa.

Baba yake alikuwa mchonga mizinga ya nyuki. Vijana mliopo hapa mizinga mnaiona juu ya miti, lakini huenda hamjui kwamba kila mzinga ulikuwa na mwenyewe. Kabla ya kuupandisha, mchongaji aliukata alama yake kwa tezo. Alama ya Msengi ilikuwa mikato mitatu iliyolala na mmoja uliosimama. Mzinga wenye alama ungeweza kukaa porini, mwendo wa siku tatu kutoka nyumbani, na mtu mwenye njaa akapita chini yake asiuguse. Hapakuwa na karani wala daftari. Mkono uliotengeneza kitu ulijulikana, na kujulikana kulitosha. Wajomba zake marehemu waliyeyusha chuma kwa mivukuto ya ngozi, na majembe yao nayo yalijulikana hivyohivyo. Tanuri zile sasa mbuzi wanalala ndani yake, na majembe tunanunua dukani, yana jina la mji ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuufikia.

Shule alisoma miaka mitatu, 1926 hadi 1928, katika shule ya misheni. Mwaka wa mwisho alichonga pangaboi dogo la mti na kulipigilia juu ya paa la darasa, likawa linapiga kelele kila upepo ukivuma. Mwalimu alimwita mbele ya wenzake.

“Nani amekutuma?”

“Wewe, mwalimu. Ulisema hewa ni kitu. Mimi nimekithibitisha.”

Alichapwa viboko vinne. Pangaboi lilibaki juu mpaka paa lilipobomolewa, kwa sababu mwalimu aliogopa kupanda. Baba yao alipougua, Yeremia aliacha shule akashika tezo. Kusoma hakuacha. Kiingereza alijifunza peke yake kutoka kwenye magazeti yaliyofungia sabuni.

Tarehe 12 Novemba 1938 alimwoa Dorika, binti wa Mzee Antipasi wa Nduguti. Mwaka 1941 aliingia jeshini, akapelekwa Nairobi na baadaye kisiwa cha Seloni katika kikosi cha mawasiliano. Huko alijifunza kufungua redio, kujua ugonjwa wake na kuifunga tena. Alirudi mwaka 1946 na suti moja, nishani moja, na kopo lililojaa valvu za redio alizookota kwenye jalala la jeshi. Nishani aliwapa watoto wachezee. Kopo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Mwaka 1953 aliajiriwa mjini Singida kama seremala wa mpima ardhi mmoja Mwingereza, Bwana Pelham. Bwana huyu aliletewa kwa meli ndege ndogo ya kuchezea, yenye mabawa ya urefu wa mikono miwili ya mtu mzima, injini ya ukubwa wa yai, na redio ya kuiongoza kutoka chini. Siku ya kwanza tu ilichoma pua ardhini ikawa vipande. Bwana Pelham aliusukuma mzigo ule kwa kiatu.

“Yeremia, tupa huko.”

“Nitupe kabisa, bwana?”

“Kabisa. Sitaki kuiona.”

Hayo yalisemwa mchana, mbele ya watu wanne, wawili wao wakiwa hapa leo. Yeremia aliokota injini, akaiosha kwa mafuta ya taa. Vilivyobaki alivitupa kama alivyoagizwa.

Ndege aliyoijenga yeye ilimchukua miaka miwili na nusu. Mti mwepesi wa Ulaya hakuwa nao. Alijaribu mwambangoma, ukawa mzito. Ndipo akaona kwenye ua wa mkonge ule mlingoti unaochipua katikati mmea unapokaribia kufa. Ukikauka, ndani yake ni mwepesi kama mkate mkavu, nao unapasulika kwa kisu cha kawaida. Mbavu za mabawa, kiwiliwili, mkia, vyote vilitoka kwenye ua wa jirani. Gundi aliichemsha kwa ngozi. Mafuta ya injini aliyachanganya kwa etha, mafuta ya taa, na mafuta ya nyonyo zilizokamuliwa nyumbani kwake. Alipofika kwenye kuyavika mabawa, alihitaji hariri.

“Nina leso yangu ya harusi, ni hariri,” alisema Dorika.

“Hiyo siitaki. Hiyo ni ya kwako.”

“Baba Rahabu, hiyo leso nimeivaa mara mbili. Mara ya pili ulikuwa Seloni. Chukua, angalau kitu kimoja cha harusi yangu kiruke juu.”

Redio aliiunda mwenyewe kwa valvu za lile kopo. Sanduku la mkononi lilikuwa la bati, lenye kitufe kimoja tu. Ukibonyeza, mawimbi yalifika ndegeni, uzi wa mpira uliosokotwa ukafunguka kidogo, na usukani wa mkia ukageuka upande mmoja. Ukiachia, unanyooka. Ukibonyeza tena, unageukia upande wa pili. Kwa hiyo mrushaji alipaswa kukumbuka daima aliishia upande gani. Ndege ya Bwana Pelham ilianza kwa kulia. Yeremia, aliyekuwa mtu wa mkono wa kushoto, ya kwake aliianzisha kwa kushoto, na kila alipoirusha alisema kwa sauti, “Kushoto, nyoosha, kulia, nyoosha,” kama mtu anayekariri zaburi.

Aliyeshika ndege na kuiachia alikuwa rafiki yake Idrissa, fundi baiskeli wa Mandewa, ambaye yuko hapa na atasamehe yakisemwa. Mara ya kwanza ndege ilipopanda vizuri, Idrissa alitupa kofia yake.

“Yeremia! Wanyiramba mmekosa ng'ombe, sasa mnachunga chuma!”

“Wewe Mnyaturu nyamaza, shika kofia yako. Kushoto, nyoosha.”

Kufikia mwaka 1956 aliweza kuipindua. Aliibana ielekee upande mmoja mpaka ikazunguka ikishuka kwa kasi, halafu akaachia ghafla. Pua iliinuka, ndege ikapanda wima, ikalala chali, ikarudi chini na kufunga duara. Juu kabisa, akibonyeza kidogo, ilibingirika ubavu kwa ubavu. Waliokuja kutoka mjini kumtazama walidhani kuna kamba. Aliwaambia waitafute. Ubavuni mwa ndege alikata alama ya baba yake, mikato mitatu na mmoja, na chini yake akaandika Y. MSENGI.

Jumamosi tarehe 6 Julai 1957 palikuwa na michezo kwenye kiwanja cha tambarare karibu na Mandewa. Karatasi ya ratiba ilisema: saa nne, Bwana Pelham ataonyesha ndege yake. Yeremia aliisoma, akaipeleka kwa afisa aliyesimamia shughuli, mtu ambaye jina lake familia imeamua lisiandikwe hapa.

“Bwana, hapa pamekosewa. Ndege ni yangu.”

“Ni ya mwajiri wako. Na hayo mapambo ya ubavuni yafutwe, wageni hawataelewa.”

“Si mapambo, bwana. Ni alama ya mwenyewe.”

“Sanduku mpe Bwana Pelham. Wewe utawasha injini.”

Bwana Pelham alikuwa amesimama hapohapo, uso umemwiva, akitazama viatu vyake. Yeremia alimkabidhi sanduku. Alama hakuifuta. Alijaribu kumweleza kuhusu kushoto, afisa akamwambia asogee nyuma.

Idrissa aliiachia. Ndege ilipanda, Bwana Pelham akabonyeza akitaka kulia, nayo ikageuka kushoto, ikielekea turubai la wageni. Alibonyeza tena na tena, hesabu ikampotea. Wanawake walianza kuwainua watoto. Yeremia aliondoka mahali alipoambiwa asimame, akachukua sanduku mkononi mwa mwajiri wake mbele ya Wazungu wote, akasubiri kidogo aone usukani umekaa wapi, akabonyeza mara moja. Ndege ilipita juu ya turubai kwa urefu wa mti wa hema.

Hapo angeweza kuitua. Hakuitua. Aliipandisha mpaka ikawa ndogo, akaipindua mara tatu mfululizo, kisha akaibingirisha, huku akisema maneno yake kwa sauti iliyosikika kiwanja kizima. Mafuta yalipokwisha, ilishuka kimya ikakaa kwenye nyasi mbele ya miguu yake.

“Nani amekuruhusu?” afisa aliuliza.

“Ni yangu, bwana. Nimruhusu nani aniruhusu?”

“Una kibali cha mitambo ya redio?”

“Niliomba mwaka jana. Nimeomba tena mwaka huu. Sijajibiwa.”

Sanduku la bati lilichukuliwa siku hiyo. Ndege aliachiwa, kwa kuwa bila sanduku ilikuwa mti na leso tu. Aliacha kazi kwa Bwana Pelham Jumatatu iliyofuata, akarudi Kinampanda kuchonga milango. Kila Januari aliandika barua moja ya kudai kitu chake. Nakala zipo.

Ugonjwa wa kifua ulianza Oktoba 1958. Alilazwa hospitali ya misheni mara tatu, na mara zote alihudumiwa kwa upendo. Machi mwaka huu, akiwa nyumbani, alikuja Bwana Pelham mwenyewe, akifuatana na Damiani, karani wa ofisi ya Singida iliyolishika lile sanduku. Ilikuwa ziara ya heri, na hilo lisemwe. Alileta karatasi iliyoandikwa kwamba sanduku la redio ni mali ya Bwana Pelham, ambaye ana kibali, na kwamba Yeremia alikuwa akimtunzia. Akitia sahihi, litarudishwa kwa Bwana Pelham, naye atampa Yeremia kama zawadi.

“Mzee Yeremia, shikamoo,” alisema Damiani. “Tia sahihi, Alhamisi nakuletea mwenyewe.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Ni karatasi tu, Yeremia,” Bwana Pelham alisema.

“Kama ni karatasi tu, bwana, geuza nyuma uandike kwamba ni langu, utie sahihi wewe.”

Bwana Pelham alishika kalamu muda mrefu. Kisha akaifunga, akaiweka mfukoni, akaomba radhi, wakaondoka. Karatasi iliachwa kitandani.

Dorika alikaa pembeni yake. Alimwambia waliyokuwa wakiyaogopa wote nyumbani.

“Weka tu sahihi, Baba Rahabu. Hukai sana. Nataka nikuone umesimama uwanjani mara moja tena.”

“Utaniona nimesimama na zawadi ya Pelham.”

“Nitakuona umesimama.”

Yeremia alimshika mkono, na Dorika anasema ndiyo siku pekee katika miaka ishirini na miwili alipomwona akilia. Kisha alisema, “Mama Rahabu, nisamehe kwa hili. Siwezi.” Dorika alimsamehe. Aliikunja karatasi akaitia kwenye sanduku lake la nguo, na toka siku ile hakumwomba tena.

Marehemu alifariki nyumbani kwake, Alhamisi tarehe 18 Agosti 1960, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, mkewe na kaka yake wakiwa kando yake. Akili yake ilikuwa timamu. Hakuwa na deni la mtu wala hakumlaani mtu.

Ameacha mjane, Dorika, watoto wanne, Rahabu, Melkiori, Martha na Isaka, wajukuu wawili, kaka yake Alute, na rafiki yake Idrissa, aliyesafiri kwa baiskeli tangu jana na ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu. Familia inamshukuru mchungaji, wauguzi, na jirani aliyekatiwa ua wake wa mkonge miaka miwili na nusu bila kulalamika.

Tunawaambia pia jambo hili, ili lisisemwe pembeni. Jana jioni karani Damiani alileta salamu za rambirambi, na ujumbe kwamba mjane akitia sahihi ile karatasi badala ya marehemu, sanduku litatolewa mara moja. Dorika alimkaribisha chakula. Baada ya kula alimrudishia karatasi ikiwa haina sahihi, akamwambia yeye na watoto watafika Singida Jumatatu, kwa miguu ikibidi, kudai sanduku la Yeremia Msengi kwa jina la Yeremia Msengi, na wakikataliwa watafika Jumatatu nyingine.

Mungu ampokee mtumishi wake Yeremia, na ampe amani aliyoistahili. Sisi tuliobaki tutapumzika baadaye.