Alipatisipeti Jikoni

Kwenye tuktuk ya Kitale nilikaa kati ya karani mstaafu mwenye faili kwapani na mama aliyejiita Nabwile. Mama alituambia anaenda ofisi ya ardhi. Shemeji zake waliuza shamba la marehemu mume wake, na kwenye karatasi za mkutano wa familia wa kuliuza waliandika ati naye alipatisipeti.

"Si ulikuwa huko?" karani akauliza.

"Jikoni, baba, nikiwapikia chai. Wakaniletea karatasi ati ni ya kuhesabu vikombe. Nikasaini."

"Basi ulipatisipeti. Ni kushiriki." Alilitamka kama neno alilolitunga mwenyewe.

"Na kuulizwa kama nakubali, Kingereza yake ni gani?"

Karani akamgusa dereva begani, akashukia hapo hapo, mbali na alikosema anaenda.