Mbunge Aliyebaki Nyumbani Siku ya Kura

Mchungaji, Mama, Mjomba Troels, majirani wa Bøvlingbjerg, na ninyi waheshimiwa mliotoka Copenhagen alfajiri kuja kumsindikiza mwenzenu, mtanisamehe kahawa ikipoa kidogo, kwa kuwa familia imenituma mimi, Alberte, mjukuu wake, niwasomee maisha ya Asger Brokholm, na tumekubaliana yasomwe yote, pamoja na ile sehemu ambayo kila mmoja wetu angependa ipite haraka.

Mmeliona jeneza likiondoka kanisani kwenda kuchomwa, majivu yatarudi baada ya wiki chache, na mtunza makaburi ameshatuuliza mara mbili yawekwe wapi, kando ya Bibi Ragnhild au kule kwenye uwanja wa nyasi wa wasio na majina, ambako hakuna jiwe, hakuna msalaba, na hata watoto wake hawataonyeshwa ni wapi hasa alipolazwa. Babu mwenyewe aliomba nyasi. Mama alimwahidi. Kwa nini mtu aliyeitumikia wilaya hii miaka yote hiyo aombe kufichwa, hilo ndilo ninalolazimika kulieleza.

Asger alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, katika shamba la viazi na nguruwe nje kidogo ya kijiji hiki, mtoto wa tatu wa Jens Peder na Karen Brokholm, alisoma shule ya kijiji, kisha Lemvig, kisha chuo cha ualimu cha Nørre Nissum alikohitimu mwaka 1970, akafundisha historia kwa muda mrefu kiasi kwamba nusu ya walioketi humu ukumbini walishawahi kurudishiwa insha zao na alama ya kuuliza kubwa pembeni.

Tarehe 22 Mei 1971 alifunga ndoa na Ragnhild Kloster, mkunga, ambaye siku ya harusi, wageni walipogonga glasi wakitaka maharusi wabusiane, alisimama akasema, "Ngojeni kidogo, huyu huwa anaomba maelezo kwanza, hata uchumba nilimwomba mimi, naye akasema atalitafakari." Wakajaliwa watoto wawili, Vibeke, ambaye ni mama yangu, mwaka 1973, na Troels mwaka 1976.

Mwaka 2005 alichaguliwa kuingia Bunge, akapangwa katika kamati ya afya, na humo alijulikana kwa jambo moja, kwamba hakukubali jibu lisilojibu. Janga la korona lilipoingia mwezi Machi 2020 na sheria zikapitishwa kwa siku moja, naye aliinua mkono kukubali kama wenzake wote, hakulificha hilo, lakini kuanzia wiki iliyofuata alianza kumwita waziri mbele ya kamati, akimtaka aeleze kila marufuku imesimama juu ya ushahidi gani. Mama alikuwa akitufungulia kikao kwenye kompyuta, nasi tukitazama kama watu wanaotazama mpira.

"Wataalamu wametushauri, Mheshimiwa Brokholm," waziri akasema siku moja.

"Nashukuru. Walisema nini?"

"Tumewaletea muhtasari."

"Mimi niliomba ushauri, wewe umeniletea muhtasari wa ushauri, kesho utaniletea salamu kutoka kwa muhtasari?"

"Mheshimiwa, tuko katikati ya dharura, hatuna muda."

"Muda wa kufunga milango mliupata, wa kutuambia kwa nini mmeifunga ndio haupo?"

Tulijivuna, sikatai. Pale chuoni Aarhus nilikuwa nikiwasimulia wenzangu kwamba huyo ni babu yangu.

Milango aliyokuwa akiisema ilikuwa pia milango ya Bibi. Tangu mwaka 2018 Bibi Ragnhild alikuwa katika nyumba ya wazee, kumbukumbu zikimtoroka, na Babu kila aliporudi kutoka Copenhagen alikwenda kumchana nywele na kumlisha rojo la matunda na maziwa mazito, na Bibi alikuwa hamkosei, hata alipoanza kutusahau sisi wengine, Babu alimjua. Marufuku ya kutembelewa ilipokuja tulisimama nje kwenye kitanda cha maua, tukipunga mikono dirishani, na Bibi akamgeukia mhudumu akasema, "Hawa wapaka rangi mbona hawafanyi kazi?" Tulicheka sote, kisha Mama akaenda kukaa ndani ya gari.

Mwezi Novemba mwaka huo Babu aliandika hoja, ya kwake mwenyewe, iliyotaka kila mkazi wa nyumba ya wazee aruhusiwe mgeni mmoja wa kudumu, na serikali iweke mezani ushahidi wake kama inaona vinginevyo, na ilikuwa wazi kwamba kura zitakuwa za kubanana. Siku chache kabla ya kura mbunge mmoja wa chama tawala, Bi Inger-Lise Damsbo, akaugua virusi. Wengi wenu mnaijua desturi yetu, kwamba upande mmoja ukiwa na mgonjwa, upande wa pili nao humbakisha mtu wake mmoja nyumbani, ili homa ya mtu isiamue sheria za nchi, ni desturi ya heshima na sijaja kuibeza. Viongozi wa vyama wakapeana mikono, na upande wa Babu, ule wa upinzani, ukamchagua yeye, kwa kuwa anatoka mbali na hotuba ya hoja alikwishaitoa. Akasema, "Sawa, nitabaki."

Jioni ya kuamkia kura simu ililia jikoni kwake, Mama akiwapo, na kwa kuwa Babu masikio yalikuwa mazito, sauti ya simu aliiweka juu, ikisikika chumba kizima.

"Asger, ni mimi, Inger-Lise."

"Wewe si ulale? Unakohoa kama trekta bovu."

"Nitalala. Sikiliza. Ningekuwapo kesho ningekwenda kinyume na chama changu, ningepiga kura ya ndiyo. Umenielewa? Mimi ni ndiyo, wewe ni ndiyo. Tunafidiana nini?"

Babu akavuta kiti, akakaa.

"Nakuachia, Asger. Panda treni ya kwanza. Wakiuliza, waambie nimekuruhusu mimi."

"Makubaliano si yako peke yako, Inger-Lise, ni ya vyama."

"Mama yangu amefungiwa kwenye nyumba ya wazee ya Struer, mke wako amefungiwa hapo jirani, wewe unaniambia habari za vyama?"

"Watasema Brokholm alimtumia mgonjwa kupata kura."

"Waseme!"

"Ugua pole," Babu akasema, akakata simu.

Asubuhi Mama alirudi, akaegesha mbele ya mlango bila kuzima gari, akaingia na koti la Babu mkononi.

"Baba, vaa, tukiondoka sasa tunawahi."

"Zima hilo gari, unapoteza mafuta."

"Mama yuko kule."

"Nimetoa neno langu, Vibeke."

"Umempa nani? Mwenyewe si amekurudishia!"

Akavaa, lakini buti za shambani, akatoka nyuma kung'oa vitunguu. Alasiri kura zililingana, na kura zikilingana hoja huanguka, na hoja ya Asger Brokholm ikaanguka kwa kukosa kura ya Asger Brokholm.

Najua atakayesimama kunijibu atasema bila neno la mtu Bunge lingekuwa gulio, nami nakubali, lakini neno hutolewa kwa mtu, na aliyepewa alilirudisha kwa mdomo wake, akikohoa, kwa hiyo kilichobaki mkononi mwa Babu asubuhi ile hakikuwa neno, yalikuwa ni maoni ya watu wa kwenye korido za Bunge kumhusu yeye. Hayo ndiyo aliyokwenda kuyalinda kwenye vitunguu. Na korido haikumwangusha, alisifiwa, alipigiwa makofi, mmoja wenu mlioketi humu alimwita muungwana wa mwisho, na hatukumsikia akikataa, nasi mezani kwake Krismasi ile tukapitishiana bata na viazi vilivyokaangwa kwa sukari, tukiona haya kumtazama usoni.

Bibi Ragnhild alifariki tarehe 9 Januari 2021, si kwa virusi, moyo ulisimama baada ya chakula cha mchana, kabla hatujapigiwa simu. Sisemi kwamba kura moja ingemwokoa. Nasema tu yale tuliyoambiwa na wahudumu Mama alipokwenda kuchukua nguo, kwamba wiki zile zote alikuwa akiuliza, "Asger yuko wapi?" na wao, watu wema, wakimjibu yuko Bungeni, anakupigania.

Baada ya hapo Babu hakumwita waziri tena mbele ya kamati, akastaafu mwaka 2022, na mwaka uliofuata moyo wake nao ukaanza kushindwa, miguu ikavimba, akawa anaingia na kutoka hospitali ya mkoa. Mwezi uliopita alimshika Mama mkono.

"Vibeke, msiniweke kwa mama yako. Niwekeni kwenye nyasi."

"Kwa nini, Baba?"

"Alikuwa ananingoja. Sikwenda. Nitajilazaje pale kama mume?"

"Baba, usiseme hivyo."

"Niahidi."

Akamwahidi, na tarehe 2 Februari 2025 Asger Brokholm akafariki, Mama na Mjomba wakiwa wamemshika huku na huku, kitu ambacho mke wake hakukipata.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliosukuma theluji mlangoni na kulisha kuku wake, wahudumu wa nyumba ya wazee waliomshika Bibi mkono sisi tukiwa hatupo, na Bi Inger-Lise, aliyekaa pale karibu na piano, kwa simu ile. Nawashukuru pia wabunge kwa shada lenu zuri, ila utepe ulioandikwa "Mtu wa neno lake" tumeuvua, nanyi hamna budi kutuvumilia.

Jana tulibishana. Mjomba Troels alisema, "Dada, ulimwahidi, neno ni neno." Mama akamtazama akasema, "Ndivyo alivyoniambia yeye, gari likiunguruma nje." Mjomba akajimiminia kahawa, hakuinywa, akasema, "Basi kwa Mama."

Babu, tunavunja neno tulilokupa. Nyasi zingekuficha, na wewe, uliyewanyima wengine mahali pa kujificha, hatukupi. Utalala kando ya Bibi, jina lako lote likiwa juu ya jiwe, ili anayetaka kukuuliza ajue pa kusimama, na Bibi ndiye wa kwanza kwenye foleni. Tunakuonea haya na tunakupenda. Nenda kwake, Babu, na ukishamjibu, upumzike.