Orest Pidskalny, Mshonaji wa Pedi za Magolikipa

Tumekusanyika katika ukumbi huu wa Kanisa la Mtakatifu Demetrio kumsindikiza Orest Pidskalny, na familia imeomba maisha yake yasomwe kama yalivyokuwa, bila kupambwa, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kupambwa.

Orest alizaliwa tarehe 3 Machi 1932, katika shamba la ngano maili tisa kaskazini mwa Dobrova, Saskatchewan, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Petro Pidskalny na Paraskevia Lazaruk. Alisoma Shule ya Zoria kuanzia Septemba 1939 hadi Juni 1947, ambako mwalimu alimwandika Ernest kwa miaka mitano, mpaka Orest alipolisahihisha daftari la mahudhurio kwa mkono wake mwenyewe, akachapwa kwa kosa hilo, na jina likabaki alivyoliandika.

Mwezi Agosti 1947 alipelekwa kujifunza kazi kwa Bwana Hector Auchterlonie, mshonaji wa hatamu na matandiko ya farasi, na trekta zilipochukua nafasi ya farasi, wawili hao wakageukia hoki ya barafuni, wakawa wanashona pedi za miguu za magolikipa, ngozi kwa nje na manyoya ya kulungu kwa ndani. Bwana Auchterlonie alifariki tarehe 22 Novemba 1958, na karakana ikabaki kwa Orest.

Tarehe 1 Oktoba 1960 alifunga ndoa na Stefania Kowbel, wakajaliwa watoto wawili, Daria, aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1963, na Roman Petro, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1970, ambaye alijifunza kusimama golini barabarani mbele ya karakana ya baba yake, na mwaka 1992 akasajiliwa na klabu ya kulipwa huko Ontario.

Miaka hiyo karakana haikukosa watu, magolikipa walikaa kulizunguka jiko, wakinywa kahawa na kuwasema washambuliaji, na wengi wao walitaka jambo moja, pedi pana kupita kipimo cha kanuni, zizibe goli zaidi. Lorne Bilanski, ambaye yupo nasi leo, alikuwa akisema, "Mzee Orest, niongezee kidole kimoja kila upande, mke wangu keshaniambia nimenenepa, nani atashtuka?" Waamuzi walizipima pedi mara moja kwa msimu, zikiwa zimelazwa mezani, na Orest aligundua kwamba mshono wa nje ukilegezwa, pedi inapita kipimo mezani, lakini ikishafungwa mguuni na kukandamizwa kwenye barafu inafunguka na kupanuka. Alizishona hivyo kwa miaka mingi, za Bilanski, za wengine, na za mwanawe.

Tarehe 17 Januari 2004 alisafiri kwenda kumtazama Roman akicheza, mchezo ukaisha bila bao hata moja, na watu walianza kuvaa makoti kabla ya kipindi cha mwisho kumalizika. Dakika za mwisho kijana wa timu pinzani alipiga kisahani, ndio mpira wa hoki ya barafuni, vizuri kabisa, Roman akawa ameshapitwa, kisahani kikagonga ukingo wa pedi uliofunguka na kuanguka. Watu walimshangilia Roman, na Orest, kama alivyomweleza Stefania baadaye, hakuweza kupiga makofi, kwa kuwa aliyezuia bao lile hakuwa mwanawe, ulikuwa ni mshono.

Wakati huo kamati ya kanuni ya ligi ilikuwa ikitafuta njia ya kuongeza mabao, wako waliotaka goli lipanuliwe, wako waliotaka wachezaji wapunguzwe barafuni, na tarehe 26 Machi 2004 mafundi wa vifaa waliitwa Toronto kutoa maoni. Orest alisimama akasema, "Liacheni goli, ni lilelile walilolinda baba zenu. Kilichonenepa ni golikipa, na aliyemnenepesha ni mimi." Kisha akawaonyesha mshono.

Siku mbili baadaye Roman alipiga simu, na Stefania, aliyekuwa jikoni, alisikia sauti zote mbili.

"Baba, wanaotaka mabao mengi wakatazame mpira wa kikapu."

"Mchezo unakufa, Roman. Watu wanaondoka."

"Na mimi je? Miaka kumi na miwili golini, juzi umewaambia watu mimi ni uzi na ngozi."

Simu ikakatwa.

Kanuni mpya ilianza Oktoba mwaka huo, pedi zikawa nyembamba na kupimwa zikiwa mguuni, mabao yakaongezeka, na tarehe 6 Desemba 2004 klabu ilimwacha Roman. Magolikipa walipeleka kazi zao kwingine, Orest akashona maturubai ya malori ya ngano, akifungua mlango saa mbili kila asubuhi kama zamani, na jiko likawa la mtu mmoja. Jumamosi alikwenda uwanjani, akakaa nyuma ya goli, na wazazi wa magolikipa wakahamia upande wa pili. Stefania alipofariki tarehe 19 Juni 2009, Roman alisimama ng'ambo ya kaburi, na aliondoka kabla ya chakula.

Ugonjwa wa kutetemeka uligunduliwa tarehe 9 Septemba 2011, sindano ikamshinda mwaka uliofuata, na tarehe 8 Januari 2016 alilazwa kwa homa ya mapafu. Daria alimpigia mdogo wake simu, naye Roman alifika Jumapili ya tarehe 10, mchana, akakuta mchezo ukiendelea kwenye televisheni ya wodi. Macho ya Orest yalikuwa hayaoni mbali, hivyo Roman akaketi akawa anamtangazia, na yakafungwa mabao saba.

"Lile la tatu," alisema Roman mwishoni, "ningelizuia hata na hizi nyembamba."

"Najua," alisema Orest. "Nilijua siku zote."

Hayo ndiyo waliyozungumza baada ya miaka kumi na mmoja na miezi tisa, kisha Orest akalala, na hakusema tena neno mpaka alipofariki tarehe 13 Januari 2016, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Roman.

Familia inawashukuru daktari Anselm Verhagen na wauguzi wake, majirani Bwana na Bibi Fehr walioiondoa theluji mlangoni kwake kwa majira manne ya baridi, na mafundi wenzake wa ngozi waliotoka mbali. Inawashukuru pia magolikipa wanne watakaobeba jeneza, ambao hawakuwa wameingia kwake tangu mwaka 2004, wawe na amani, hakuna anayewadai neno.

Orest, kazi imekwisha, upumzike. Roman yupo, amekaa karibu nawe.