Mchango wa Vidonge

Benchi lile limeegemea ukuta wa kibanda cha Kinyozi, na kila asubuhi lina wenyewe: Soli fundi viatu, Bosi karani mstaafu ambaye hajawahi kuwa bosi wa mtu, Mizani muuza nyama, na Kinyozi mwenyewe. Lina desturi yake pia. Ukifika unalalamika mgongo, hakuna anayekupa pole tupu. Kila mmoja anaingiza mkono mfukoni, anakutolea kidonge kilichomsalia kwenye ugonjwa wake mwenyewe, unashushia na kahawa. Wanauita mchango, na wanajivunia. Leo nafasi ya Mizani ilikuwa wazi. Jana alianguka buchani akitapika damu, na sasa amelazwa.

Mizani amemwoa dada yake Kinyozi. Kahawa ilikuwa inampolea Kinyozi mkononi.

— Hiyo ni kazi ya hasidi, alisema Soli. Bucha lake linauza kuliko yote. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hasidi gani, Bosi akamkata. Ni feni. Mtu anakaa chini ya feni mwaka mzima, upepo unamjaa tumboni, damu inakosa pa kukaa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Soli hakukubali kushindwa. Akamwacha hasidi, akahamia kwenye simu ambayo Mizani huiweka mfuko wa shati, kwamba inamchemshia damu polepole. Bosi akapanda juu zaidi: huenda ni ng'ombe mwenyewe, aliyechinjwa akiwa na kinyongo. Kinyozi alisikiliza hasira ikimpanda. Alijua wote watatu wanalizunguka jambo moja, naye mwenyewe akiwemo.

Ndipo akatokea binti wa Mizani, akitokea wodini. Akawaamkia, wakaitikia, wakamsogezea nafasi. Hakukaa. Akawaeleza kwamba tumbo la baba yake linavuja damu. Dawa yake ya moyo, ile ya kuifanya damu iwe nyepesi, imegongana na kitu kingine. Mwenyewe anasema alimeza vidonge vya goti hapa kijiweni. Daktari anataka kujua ni vidonge gani, asije akamwongezea sumu juu ya sumu.

— Baba zangu, mlimpa nini?

— Changu kilikuwa cheupe, alisema Soli.

— Cheupe cha nini?

— Mimi nilipewa nilipoumwa jino. Nikakiweka.

Bosi akasema chake kilitoka kwenye droo ya mkewe. Akaanza methali, umoja ni nguvu, akaiachia njiani.

— Na wewe, mjomba?

— Viwili, alisema Kinyozi. Kesho yake aliniambia goti limetulia, nikamwongezea. Jina lake sikulijua siku ile, na leo silijui.

Aibu ilimchoma kuliko alivyotarajia. Shemeji yake amelala na mpira wa damu mkononi, na yeye ndiye aliyemjazia kiganja huku akicheka. Akainuka, akafunga mlango wa kibanda.

— Tunaenda hospitali. Mwenye kipande cha pakiti nyumbani akilete, hata kama ni tupu. Asiye nacho aje na mdomo wake.

— Tukaseme nini? Bosi akauliza. Hatujui kitu. Watatucheka.

— Wacheke. Tukaseme hatujui. Daktari akisikia hatujui, atajua pa kuogopa.

Soli akaweka kikombe chini, akasimama. Bosi akabaki ameshika magoti yake. Kinyozi akasimama mbele yake.

— Kile cha mkeo. Mkeo anaumwa nini?

Bosi akasema hajawahi kumuuliza. Wameishi nyumba moja tangu ujana wao.

— Basi inuka, alisema Kinyozi. Tunaanzia kwako, tukamuulize.